Kulifundisha neno "open" kwa wanafunzi wanaozungumza Kichina: mwongozo kamili

Walimu wa Kiingereza wenye wanafunzi Wachina, wawe Dar es Salaam, Nairobi, Guangzhou au wanafundisha kwa video, hukwama mahali pamoja. Mwanafunzi anasema "open the light". Anasahihishwa. Anarudia "turn on the light" vizuri kabisa. Kesho yake anaingia darasani, anaona joto, anasema "please open the air conditioner".

Kusahihisha sentensi moja moja hakutamaliza kazi hii, kwa kuwa kosa halitoki kwenye sentensi. Linatoka kwenye kitenzi kimoja cha Kichina, 开, kinachosomwa kāi. Kitenzi hicho kinabeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawia vitenzi vingi: open, turn on, start, drive, hold, issue na vingine. Mwanafunzi hajasahau somo la jana. Kichwani mwake neno ni moja, na siku ya kwanza aliambiwa kwamba neno hilo kwa Kiingereza ni "open".

Dawa ni kukigawa kāi vipande mbele ya macho yake, kisha kumzoesha kuchagua kipande kabla hajafungua mdomo. Mwongozo huu unamfaa pia mwalimu asiyejua Kichina. Maneno makuu utakayohitaji yapo, pamoja na matamshi yake kwa pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa yenye kifuniko, bahasha iliyogundishwa, na sanduku dogo.
- Tochi au taa yenye swichi, na simu moja iliyozimwa.
- Kadi 24 tupu za ukubwa wa kiganja.
- Bahasha nne kubwa za kupangia kadi. Ziandike namba 1 hadi 4.
- Picha mbili za duka: moja lango liko wazi, nyingine limefungwa.
- Vipindi vinne vya dakika 45, visiwe siku moja. Ukivibana vyote Jumamosi, mwanafunzi atafaulu jioni na kusahau Jumatatu.

Jifunze pia kuandika 开. Ina mipigo minne tu: mistari miwili ya kulala, mmoja unaoshuka kuelekea kushoto, mmoja wa kusimama. Kama mwanafunzi ametoka Taiwan au Hong Kong, amezoea kuiandika 開. Kitenzi ni kilekile.

Kabla ya kipindi cha kwanza, jichunguze wewe mwenyewe. Kiswahili nacho kina "fungua" yenye majukumu mengi: tunafungua redio, tunafungua bomba, tunafungua kesi mahakamani. Mwalimu anayesema "open the radio" bila kujisikia atamfundisha mwanafunzi kosa analotaka kumwondolea. Kwa Kiingereza sanifu ni "turn on the radio", "turn on the tap" na "file a case".

## Hatua ya 1: Kigawe kāi katika bahasha nne

Andika 开 katikati ya ubao, kisha chora mistari minne kutoka hapo. Usianze na "open". Anza na neno la Kichina ambalo mwanafunzi analimiliki, ili aone kwamba tatizo si akili yake wala uvivu.

Andika kadi sita kwa kila bahasha, Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Penye neno ambalo Kichina chake hakijatajwa hapa, mwanafunzi akuandikie.

Bahasha ya 1: kuondoa kinachoziba. Hapa ndipo "open" inapoishi. 开门 kāi mén, open the door. 开窗 kāi chuāng, open the window. Ongeza chupa, sanduku, kitabu, na faili la kompyuta.

Bahasha ya 2: kutia umeme, gesi au maji yaanze kufanya kazi. 开灯 kāi dēng, turn on the light. 开电视 kāi diànshì, turn on the TV. 开空调 kāi kōngtiáo, turn on the air conditioner. Ongeza kompyuta, bomba la maji, na jiko la gesi.

Bahasha ya 3: kuendesha. 开车 kāi chē, drive a car. 开飞机 kāi fēijī, fly a plane. 开挖掘机 kāi wājuéjī, operate an excavator. Ongeza treni, basi, na lori. Wanafunzi wanaofanya kazi saiti wataifurahia bahasha hii kuliko zote, kwa hiyo wape mashine zao halisi.

Bahasha ya 4: kuanzisha au kutoa. 开会 kāi huì, have a meeting. 开公司 kāi gōngsī, start a company. 开药 kāi yào, prescribe medicine. 开发票 kāi fāpiào, issue an invoice. 开玩笑 kāi wánxiào, make a joke. 开账户 kāi zhànghù, open an account.

Umeona kadi ya mwisho. Akaunti ya benki imerudi kwa "open", na duka pia: "open a shop" ni sahihi. Usiifiche kadi hiyo ili kanuni yako ionekane safi. Bahasha ya nne haina kanuni moja, na kila jozi hukaririwa kama ilivyo. Mwambie mwanafunzi hivyo waziwazi, maana wengi hupoteza muda wakitafuta sababu ambayo haipo.

Sasa mfundishe swali la kujiuliza kabla ya kusema: *Baada ya kitendo hiki, je, kitu kinaweza kupita, au nitaona kilichokuwa kimefichwa ndani?* Mlango, ndiyo. Bahasha, ndiyo. Faili, ndiyo, maana maandishi yanaonekana. Taa, hapana, hakuna anayeona ndani ya taa.

Mpe vitu halisi mkononi. Afungue chupa huku akisema. Awashe tochi huku akisema. Kisha mpe tochi uombe afungue sehemu ya betri: hapo "open the torch" ni sahihi, na "turn on the torch" ni jambo lingine kabisa. Zoezi hili la tochi ndilo linalofanya kazi kuliko mengine yote ya hatua hii, kwa sababu kitu ni kimoja na vitendo ni viwili. Simu inafaa vilevile: "turn on the phone" ni kuiwasha, "open the app" ni kuingia kwenye programu, "open up the phone" ni kazi ya fundi mwenye bisibisi.

Onyo. Mwanafunzi aliyesoma zaidi atakuambia kwamba Kichina kina 打开 dǎkāi, na kwamba hiyo ndiyo "open" ya kweli. Si kweli. Dǎkāi inatumika kwa sanduku na kwa televisheni pia. Nayo igawe vilevile.

Utajuaje amefika? Changanya kadi zote 24, upande wa Kichina juu. Azipange kwenye bahasha bila msaada na aseme Kiingereza cha kila moja. Akikosa zaidi ya tatu, usisonge mbele. Angalia amekosa bahasha gani. Makosa ya bahasha ya 4 yanavumilika. Makosa ya bahasha ya 2 yanamaanisha swali la kujiuliza halijaingia.

Utamsikia pia mwanafunzi akitetea "open the light" kwa kusema aliisikia Singapore. Ni kweli, wapo wanaosema hivyo huko na wanaelewana. Mweleze kwamba ni mazungumzo ya kwao, na kwamba kwenye mtihani au barua ya kazi itahesabiwa kosa.

## Hatua ya 2: Tenganisha kitendo na hali

Kosa la pili kwa ukubwa ni "The shop is opened now". Chanzo chake ni Kiingereza chenyewe, ambacho hakina ulinganifu hapa. Duka lililofungwa ni "closed", lenye -d. Lililo wazi ni "open", bila chochote. Mwanafunzi makini anafuata mantiki: kama ni "closed", basi ni "opened". Anakosea kwa sababu anafikiri vizuri.

Akijaribu kwenda kinyume, anasema "The shop is close". Hapo maana inahama kabisa: "close" kama kivumishi ni karibu, tena hutamkwa kwa s, ilhali kitenzi "close" hutamkwa kwa z.

Kosa la tatu ni "The door is opening" kwa mlango ulio wazi tangu asubuhi. Hili linatoka Kichina. 门开着 mén kāizhe ni mlango uko wazi, na wanafunzi wengi huiona ile 着 zhe wakadhani ni -ing. Kwa Kiingereza "is opening" ni mlango ambao bado unasogea.

Andika mistari hii minne ubaoni, iachwe hapo kipindi kizima:

- The shop is open. Hali. Liko wazi sasa hivi.
- The shop opens at 8. Desturi ya kila siku, saa 2 asubuhi.
- The shop opened in 2015. Tukio lililokwisha.
- The shop was opened by the mayor. Kuna aliyelifungua, naye anatajwa.

Sisi wa Kiswahili tuna faida na hasara hapa. Faida ni kwamba "wazi" na "fungua" ni maneno mawili, kwa hiyo tofauti ya hali na kitendo tunaijua tangu utotoni. Hasara ni kwamba tunasema "duka linafunguliwa saa 2", tukaingiza kauli ya kutendwa kwenye Kiingereza: "The shop is opened at 8". Chunga ulimi wako kwenye mstari wa pili.

Kwa zoezi, onyesha picha za duka kwa kubadilishana haraka, naye ajibu "open" au "closed" tu, mara kumi. Kisha ongeza saa: "It's 7 o'clock. The shop opens at 8. Is it open?" Jibu ni "No, it's closed. It opens at 8." Sentensi hizo mbili zikitoka mfululizo bila kusita, hatua ya 2 imekamilika.

## Hatua ya 3: Umeme na mashine

Hapa usiharakishe. Kwenye hatua nyingine kosa linaleta aibu kidogo. Hapa linaweza kumuua mtu.

Chukua sentensi "Open the machine". Msimamizi Mchina anayeisema huenda ana maana ya 开机器 kāi jīqì: iwashe. Fundi anayeisikia kwa Kiingereza anaelewa: fungua kifuniko. Mmoja anasogea kwenye swichi, mwingine anaingiza mkono ndani.

Kuna shimo refu zaidi. Katika Kiingereza cha mafundi umeme, swichi au breka (kifaa cha kukata na kurudisha umeme) iliyo "open" ni ile isiyopitisha umeme. Iliyo "closed" ndiyo inayopitisha. Maana yake vipande viwili vya chuma ndani ya breka vinapoachana, njia ya umeme inakatika. Vinapokutana, njia inakamilika. Kwa Kichina cha kawaida, kāi ni washa na 关 guān ni zima. Kwa hiyo mtu anayetafsiri guān kuwa "close" atasema "close the breaker" akitaka umeme ukatwe, na fundi aliyesomea kazi yake atauwasha.

Valvu huenda kinyume na breka. "Open the valve" inaruhusu maji yapite. "Open the breaker" inazuia umeme usipite. Swali letu la hatua ya 1 linafaa kwa valvu, lakini kwa breka linadanganya. Mwambie mwanafunzi hivyo kwa maneno hayohayo, kisha achore mchoro wa kila kimoja: bomba lenye mlango unaoinuka, na waya wenye pengo.

Mafundi wa China wenyewe hukwepa kāi na guān kwenye breka. Wana 合闸 hézhá, kuunganisha ili umeme upite, na 分闸 fēnzhá, kutenganisha ili ukatike. Kwenye breka nyingi za China utakuta herufi 合 na 分. Penye alama za kimataifa, I ni imewashwa na O ni imezimwa. Mwanafunzi anayejua hézhá na fēnzhá atauelewa mpangilio wa Kiingereza kwa dakika mbili: hézhá ni "close the breaker", fēnzhá ni "open the breaker". Asiyefanya kazi ya umeme hahitaji maneno hayo kabisa.

Fundisha mazoea haya, na msimamie mpaka yawe ulimi wake:

1. Kwa kuwasha na kuzima, sema switch on na switch off tu. Sababu: hayana maana ya pili.
2. Kwa mota, pampu na jenereta, sema start na stop.
3. Kwa kifuniko, sema remove the cover. Usiseme "open the machine" hata kama una maana ya kufungua kweli.
4. Open na close zibaki kwa milango, valvu na madirisha. Kwa breka zitumiwe na mafundi umeme wenye sifa, wakiwa wenyewe kwa wenyewe.
5. Anayepokea agizo alirudie kwa maneno tofauti kabla ya kugusa chochote. Akiambiwa "open the pump", aulize: "You want me to start the pump?"

Kama unamfundisha Mswahili anayefanya kazi chini ya Mchina, mpe maneno mawili ya kuulizia: 启动 qǐdòng, kuwasha mashine, na 拆开 chāikāi, kuifungua vipande. Kutaja moja tu kwa sauti ya kuuliza kunatosha kupata jibu. Hata hivyo maneno hayachukui nafasi ya kipimo: kabla ya kugusa waya, fundi apime kwa testa kwamba umeme haupo, hata kama wote wamekubaliana nini kimesemwa.

Utajuaje amefika? Mpe maagizo kumi ya saiti yaliyochanganywa, matatu kati yake yakiwa na "open" yenye utata. Mafanikio si kutekeleza yote kumi. Mafanikio ni kusimama na kuuliza kwenye yale matatu.

## Hatua ya 4: Matamshi

"Open" ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza. Wachina wengi huzipa silabi zote uzito sawa, ikatoka kama "ou-pen", yenye kalamu mwishoni. Silabi ya pili iwe fupi na dhaifu, irabu yake karibu imezwe.

Tatizo kubwa ni "opened". Kichina sanifu hakimalizi silabi kwa nd, hivyo mwanafunzi ama huidondosha d, na wakati uliopita ukapotea, ama huongeza irabu: "opende". Waswahili tunalijua kosa hilo la pili, kwani nasi hupenda kumalizia neno kwa irabu.

Njia rahisi ni kuiazimisha d kwa neno linalofuata. Mpe "opened it", asome "open-dit". Kisha "opened a box", asome "open-da box". Kisha "opened all". Akizoea hapo, ndipo umpe "opened the door", ambayo ni ngumu zaidi. Usianze na neno likiwa peke yake.

Rekodi sauti yake kwenye simu akisema "I open it" na "I opened it" kwa mpangilio wa kubahatisha. Msikilizaji mwingine akitofautisha mara nane kati ya kumi, inatosha.

## Hatua ya 5: Watu, mawazo na misemo

Hatua hii ni kwa aliyepita zilizotangulia. Mambo matatu yanatosha.

Tabia ya mtu. 开朗 kāilǎng ni mchangamfu. Wanafunzi huandika "My sister is very open" wakiwa na maana hiyo. Kwa Kiingereza "open" ni mtu asiyeficha mambo yake. Waandike "cheerful" au "outgoing". Neno 开放 kāifàng likisemwa juu ya mtu, hasa mwanamke, linaweza kudokeza ulegevu wa maadili, ndiyo maana baadhi ya wanafunzi hukwepa "open-minded". Wahakikishie kwamba kwa Kiingereza ni sifa njema: mtu anayesikiliza wazo jipya kabla ya kulikataa.

Vihusishi. "Open to suggestions", yuko tayari kupokea. "Open about his illness", haifichi. "Open with me", hanifichi. Kwa kitabu, Waingereza husema "open your books at page 10", Wamarekani "to page 10". Yote mawili ni sahihi.

Misemo isiyo na "open" kabisa. 开水 kāishuǐ ni maji yaliyochemshwa, "boiled water". "Open water" ni bahari au ziwa mbali na ufuko. 开心 kāixīn ni furaha, "happy". 开除 kāichú ni kumfukuza mtu kazi au shule, "fire" au "expel". 开刀 kāidāo ni kufanya upasuaji, "operate". Na "open the meeting" ipo, lakini ni ya mwenyekiti anayetangaza kwamba kikao kimeanza. Waliohudhuria wana "have a meeting".

## Hatua ya 6: Jaribio

Usimpe sentensi za Kichina atafsiri. Tafsiri humrudisha kwa kāi. Tumia vitendo na picha, naye aseme anachokiona:

1. Unawasha taa.
2. Unafungua bahasha.
3. Picha ya dereva kwenye basi.
4. Picha ya duka lililo wazi.
5. Picha ya duka lililofungwa.
6. Daktari anaandika dawa.
7. Watu sita mezani wakijadiliana.
8. Unafungua sehemu ya betri ya tochi.
9. Mhasibu anatoa ankara.
10. Unafungua valvu, au bomba la darasani.
11. Duka lenye tangazo la saa za kazi.
12. Kikombe cha maji yaliyochemshwa.

Majibu sahihi kumi, kila moja ndani ya sekunde tano, ni kufaulu. Sekunde ni muhimu: anayechukua kumi na tano bado anatafsiri kimoyomoyo. Kwenye namba 10, kubali "open the valve" na "turn on the tap", kulingana na kilicho mkononi mwako.

Rudia jaribio baada ya siku saba bila kumtaarifu. Makosa ya 1 yanamrudisha kwenye tochi ya hatua ya 1. Makosa ya 4, 5 au 11 yanamrudisha kwenye mistari minne ya ubaoni. Makosa ya 6, 7 au 9 ni ya bahasha ya 4: mpe kadi hizo tatu aende nazo nyumbani, azisome asubuhi na jioni, kisha umuulize kipindi kijacho kabla hajakaa.